Maili za ndege zilizobaki vipande vipande: jinsi ya kuzimaliza na kubaki na akaunti mbili tu

Kama uliwahi kwenda Dubai kuchukua mzigo, mwaka mwingine ukapita Addis kwa sababu bei ilikuwa poa, halafu kazini wakakukatia Nairobi na KQ (Kenya Airways), basi una akaunti nne au tano za maili, yaani pointi ambazo shirika la ndege linakupa ukisafiri nalo, na hakuna hata moja inayotosha kitu cha maana. Hapa elfu tatu, pale elfu kumi na moja, kule hata paswedi huikumbuki. Ndio hali ya wasafiri wengi wa kwetu, hatupandi ndege kila wiki, tunapanda mara moja moja na tunapanda yoyote yenye bei nzuri siku hiyo, kwahiyo maili zinatawanyika tu.

Mwongozo huu ni wa mtu wa namna hiyo. Mwenye kadi ya Gold anayelala angani anajua mambo yake, hahitaji mimi.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusipotezeane muda: maili zilizobaki zitumie, tena mapema, usiziweke akiba. Maili haina riba, kila mwaka ikikaa inanunua kidogo zaidi kwa sababu shirika linaweza kupandisha bei ya tiketi za maili muda wowote bila kukuuliza. Flying Blue ya Air France na KLM waliachana na jedwali la bei za kudumu mwaka 2018, tangu hapo bei ya tiketi ya maili inapanda na kushuka kama bei ya kawaida. Na waliokuwa Kenya wanaikumbuka supamaketi ya Nakumatt, watu walijaza pointi kwenye Smart Card miaka na miaka wakisema nitanunua friji, matawi yakaanza kufungwa mwaka 2017, mpaka Januari 2020 wadai wakaamua kampuni ifilisiwe, pointi nani angemdai nani.

Haya twende kazi.

HATUA YA 1: ZITAFUTE ZOTE

Usianze kwa kukumbuka, kumbukumbu inadanganya. Fungua imeili zako zote, ya sasa na ile ya zamani ya yahoo, tafuta maneno haya moja moja: miles, Skywards (Emirates), ShebaMiles (Ethiopian), Avios (Qatar na British Airways), Flying Blue, Asante, Privilege Club (Qatar), Miles&Smiles (Turkish), Bonvoy (hoteli za Marriott), Honors (hoteli za Hilton). Angalia na kwenye takataka na spam maana taarifa za salio za kila mwezi ndio huwa zinaenda huko. Halafu chukua paspoti yako ya zamani, pitia mihuri, kila muhuri jiulize hapa nilipita na ndege gani. Utashangaa.

Kitu kimoja kinachowachanganya watu: Kenya Airways kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya Flying Blue pamoja na Air France na KLM, baadaye ikaanzisha programu yake inaitwa Asante Rewards. Kwahiyo kama ulijiunga na "maili za KQ" zamani, ile namba yako ni ya Flying Blue, kaitafute huko, usisumbuke kuiingiza kwenye Asante halafu ukasema wamekufutia.

Ukishapata, fungua karatasi ya eksel au hata daftari, andika kwa kila akaunti: programu, namba ya uanachama, imeili iliyosajiliwa, namba ya simu iliyosajiliwa, jina lako kama walivyoliandika wao, salio, na tarehe ya kwanza ambayo maili zinaanza kufa. Paswedi usiziandike hapo, ziweke kwenye programu ya kutunzia paswedi kwenye simu. Hiyo safu ya jina usiiruke, sababu inakuja.

HATUA YA 2: HAKIKISHA UNAWEZA KUINGIA

Hapa ndipo watu wengi wanakwama na kuacha. Akaunti ilifunguliwa na laini ya simu ambayo ulishaitupa, au na imeili ya ofisi uliyoacha kazi, sasa ukitaka kuingia wanatuma namba ya kuthibitisha kwenye laini ambayo ameshauziwa mtu mwingine huko Mbeya. Fanya hivi: kama bado unaingia bila namba hiyo, kitu cha kwanza kabisa kabla hujagusa maili ni kubadilisha imeili iwe yako binafsi na namba iwe unayoitumia. Kama uko nje na una laini ya nyumbani na ya huko, weka ile ambayo una uhakika utakuwa nayo miaka mitano ijayo. Kama huingii kabisa, usifungue akaunti mpya, nasema tena usifungue, kwa sababu programu karibu zote zinaruhusu mtu mmoja akaunti moja na ukiwa na mbili kuunganisha ni barua na barua. Waandikie huduma kwa wateja kupitia fomu ya tovuti yao, ambatisha kopi ya paspoti, taja namba ya uanachama na safari moja uliyowahi kufanya nao. Wanachukua siku kadhaa lakini wanafungua.

Kwenye kopi ya paspoti, andika juu yake kwa kalamu au kwenye simu "kwa ajili ya shirika fulani tu" na tarehe. Ikivuja, haitumiki kirahisi sehemu nyingine.

Sasa majina. Sisi wa majina matatu tunateseka sana hapa. Mfumo unataka jina la kwanza na jina la ukoo, wewe siku ile ulijaza jina lako na la baba, paspoti ina lako, la baba na la babu, na la babu ndio limekaa kwenye sehemu ya ukoo. Matokeo yake tiketi inatoka na jina moja, akaunti ina jina lingine, maili zinakataa kuingia au siku ya kuzitumia mfumo unagoma. Dawa ni kurekebisha jina la akaunti lifanane na paspoti herufi kwa herufi, hata kama paspoti yenyewe wamekosea h. Waliobadili jina baada ya ndoa wataombwa cheti cha ndoa, waliobadili kwa hati ya kisheria wataombwa hiyo hati. Ila usiogope ukiona kwenye bodingi pasi jina lako limegandishwa na MR au MRS mwishoni kama vile ndio jina lako, hiyo mifumo ya tiketi ndivyo inavyoandika, sio kosa.

HATUA YA 3: DAI ZAKO AMBAZO HAZIKUINGIA

Kabla ya kutumia, angalia kama kuna safari ambazo hazikuhesabiwa. Wakala wengi wa Kariakoo, River Road, popote, wanakata tiketi bila kuweka namba yako ya maili, sio wizi ni kusahau tu na wewe hukumpa. Safari ukishafanya bado unaweza kudai, lakini kuna dirisha. Kwa mashirika ya Marekani, Delta wanakupa miezi 9, United na American miezi 12, wengine wengi wanaishia miezi 6. Zaidi ya hapo sahau.

Unachohitaji ni namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Iko kwenye ile risiti ya PDF aliyokutumia wakala, na tarakimu 3 za mwanzo zinakwambia nani kaitoa: 706 ni Kenya Airways, 071 Ethiopian, 176 Emirates, 157 Qatar, 235 Turkish, 074 KLM. Usichanganye na ile code ya herufi na namba 6, hiyo ni ya bukingi na haitoshi kudai. Bodingi pasi piga picha kila safari, ile karatasi inafutika wino haraka kweli, hasa ukiiacha kwenye gari.

Na ujue tiketi za bei ya chini kabisa zinaweza kukupa robo tu ya maili za umbali au sifuri. Usigombane nao kwa hilo, liko kwenye masharti.

HATUA YA 4: PANGA KWA TAREHE YA KUFA, ACHA KUANGALIA UKUBWA WA SALIO

Watu wanaangalia salio kubwa kwanza, kumbe kubwa linaweza kukaa na dogo linakufa mwezi ujao. Kuna aina tatu.

Aina ya kwanza ni zenye umri wa kudumu, zinakufa hata ukipanda ndege yao kila wiki. Emirates Skywards ziko hapa, maili zinaishi angalau miaka 3 na zinakufa mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa, kwahiyo aliyezaliwa Mei ana tarehe 31 Mei, isome hivyo. Turkish na Ethiopian nao wanahesabu miaka 3. Safari mpya inaleta maili mpya, haiokoi za zamani.

Aina ya pili zinaishi mradi akaunti inacheza. Avios za Qatar na British Airways, miezi 36 bila kuingiza wala kutoa ndio zinakufa, ukifanya kitu chochote kidogo saa inaanza upya. American ni miezi 24. Flying Blue nao ni miezi 24 ila kwao njia ya uhakika ya kuongeza umri ni kupanda ndege, ya kwao au ya washirika wao, kwahiyo usitegemee ujanja mdogo mdogo.

Aina ya tatu hazifi: Delta na United. Hawa waweke mwisho wa foleni, hawakukimbizi, japo bei kupanda kunawahusu pia.

Ukishapanga, zenye chini ya miezi 6 zipigie mstari mwekundu. Hizo ndio za wiki hii. Na hapa kuna kitu wengi hawakijui: kwenye programu nyingi kinachotakiwa kutokea kabla ya tarehe ni KUBUKI, sio kusafiri. Maili zinakufa Mei 31, unaweza kubuki Mei 20 kwa safari ya Novemba. Hatari yake ni moja, ukija kughairi baada ya tarehe kupita zile maili zinarudi zikiwa zimeshakufa, yaani zinarudi na kupotea hapo hapo. Kwahiyo za dakika za mwisho buki safari ambayo una uhakika nayo.

Mashirika kadhaa, Emirates wakiwemo, wanauza muda wa nyongeza kwa ada. Usilipe kabla hujafanya hatua inayofuata.

HATUA YA 5: HESABU MAILI YAKO MOJA NI SHILINGI NGAPI

Hii ndio silaha, na ni hesabu ya darasa la tano. Chukua bei ya tiketi kwa hela taslimu, toa kodi na ada ambazo utalipa hata ukitumia maili, gawanya kwa idadi ya maili.

Tuseme Dar kwenda Dubai kwenda na kurudi ni dola 520. Ukiweka maili wanataka maili 45,000 na dola 160 za kodi na ada. 520 toa 160 ni 360, gawanya kwa 45,000 unapata senti 0.8 ya dola kwa kila maili. Sasa nenda kwenye lile duka lao la zawadi, kuna jagi la kuchemshia maji ambalo mtaani ni dola 30 wao wanalitaka kwa maili 12,000, hiyo ni senti 0.25. Umeona? Duka la zawadi karibu kila mara linakupiga, jagi kanunue mwenyewe.

Mi naamua hivi, chini ya senti 0.5 ni bei ya kutupa na nakubali tu kama maili zinakaribia kufa na hakuna kingine, kati ya 0.7 na 1 ni sawa kabisa chukua, juu ya hapo usifikirie mara mbili. Wataalamu wa Marekani wanakwambia subiri senti mbili tatu kwenye daraja la bizinesi, sawa, lakini wao wanapata maili kwa kadi za benki kila wanaponunua mkate, sisi hatuna hizo kadi, tukisubiri tutasubiri mpaka zife.

Angalia ile sehemu ya kodi na ada kwa makini. Kuna tiketi za "bure" ambazo ada ya mafuta peke yake inakaribia bei ya tiketi ya kawaida, hasa kupitia London na kwenye mashirika yanayoongeza hiyo ada kwenye tiketi za maili. Ukiona hivyo lipa hela taslimu, upate na maili mpya.

Na hiyo ada ya kuongeza muda ichukulie hivyo hivyo: kama kuongezea maili zako kunagharimu dola 80 na zitakununulia kitu cha dola 90, hujapata kitu, umepata shughuli.

HATUA YA 6: ZIMALIZE

Inategemea una ngapi.

Kama unazo za kutosha tiketi nzima, tafuta tiketi ya upande mmoja kwanza. Watu wanatafuta kwenda na kurudi wanaona hazitoshi wanafunga tovuti, kumbe za kwenda tu zinatosha na kurudi unanunua, au unarudi na programu nyingine. Tarehe ziwe na mchezo. Desemba watu wote wa nje wanarudi Kilimanjaro na Nairobi kula sikukuu, viti vya maili hamna, na Julai na Agosti Ulaya wakiwa likizo vinajaa wanaokuja Zanzibar. Lakini Aprili na Mei kwenye masika, ndege zinakuja na nafasi, hoteli za Nungwi na Paje zinashusha bei, ule ndio wakati wa kumleta ndugu au wewe mwenyewe kurudi nyumbani ukae kwa utulivu. Mvua ndio, lakini haikai siku nzima. Mashirika mengi yanafungua viti karibu miezi 11 kabla ya safari, na mengine yanaachia viti vilivyobaki wiki mbili za mwisho, katikati hapo ndio kugumu. Kwa Flying Blue angalia ofa zao za kila mwezi za Promo Rewards, njia chache zinashushwa bei, mara nyingi kwa robo, na tiketi zao za maili zinakuruhusu kusimama mji wa katikati bila maili za ziada, yaani ukipita Amsterdam au Paris unaweza kukaa siku kadhaa kwa shangazi halafu ukaendelea.

Sio lazima usafiri wewe. Programu nyingi zinakuruhusu kumkatia mtu mwingine. Mama anayetaka kwenda kumuona mjukuu Muscat, mdogo wako aliyepata chuo, hao ndio matumizi mazuri kuliko yote kwa maoni yangu, na kwa mama jaza jina kutoka paspoti yake mwenyewe, usijaze unavyomwita. Kitu kimoja tu usifanye: kuuza. Kuna magrupu ya WhatsApp na Telegram yananunua maili na yanauza tiketi za bizinesi nusu bei. Kuuza ni kinyume cha masharti ya karibu kila programu, wakikushika wanafunga akaunti na kufuta tiketi, na anayenunua ndio anaumia zaidi kwa sababu tiketi inaweza kufutwa akiwa ameshafika huko, na mara nyingine zile maili zimeibwa kwenye akaunti ya mtu.

Kama umepungukiwa kidogo, angalia kuunganisha kabla ya kununua. Avios za Qatar na za British Airways ni sarafu moja, Qatar walihamia Avios mwaka 2022, unaunganisha akaunti mbili na kuhamisha moja kwa moja bila ada, Avios moja kwa Avios moja, sharti jina, imeili na tarehe ya kuzaliwa vifanane pande zote. (Si nilisema habari ya majina.) Finnair nao wako kwenye Avios tangu 2024. Emirates wana mpango wa familia unaokusanya maili za nyumba nzima sehemu moja, Flying Blue wanaruhusu watu wazima 2 na watoto mpaka 6, United tangu 2024 wanaruhusu kapu la watu mpaka 5 bila malipo. Nyumba ya watu watano kila mmoja na maili elfu nane za Dubai, peke yake hafanyi kitu, pamoja ni elfu arobaini. Kuhamisha kwa ada mtu kwa mtu nje ya hiyo mipango ni ghali, achana nako. Kununua maili za kujazia kubali tu kama umepungukiwa elfu moja mbili na tiketi umeshaiona ipo.

Kama ni ndogo ndogo, elfu mbili, elfu nne, usizidharau lakini usizipe wiki nzima. Kuna njia hizi. Kulipia sehemu ya tiketi, Emirates wanaita Cash+Miles, unapunguza bei ya tiketi ambayo ungenunua hata hivyo na tiketi inahesabika kama ya kawaida. Kulipia mzigo wa ziada au kuchagua siti, Flying Blue na Qatar wanaruhusu, na kwa mfanyabiashara kilo za ziada ni hela kabisa, hapa maili zinaweza kukupa thamani nzuri kuliko hata tiketi, piga hesabu ile ile. Ukiwa unapita Doha, duka la uwanja wa ndege wa Hamad linapokea Avios, unaweza kumaliza salio lote kwenye pafyumu na hela ya juu ukalipa kwa kadi. Apgredi ya kwenda bizinesi ni tamu ila soma aina ya tiketi yako kwanza, tiketi za bei ya chini kabisa mara nyingi haziruhusiwi au wanataka maili nyingi mno.

Na kama hakuna linalofaa, toa sadaka. Emirates wana mfuko wao wa hisani unaopokea maili, mashirika ya Marekani yana orodha za taasisi, na kuna Miles4Migrants huko huko Marekani ambao maili za watu wanazitumia kuwakatia tiketi wakimbizi wanaounganishwa na familia zao. Maili elfu tatu zilizobakiza wiki mbili, bora ziende huko kuliko zife.

HATUA YA 7: CHAGUA MOJA KUU NA MOJA YA AKIBA

Sasa tusirudie kutawanya. Chagua kwa njia unayopita kweli, sio kwa kadi iliyo nzuri.

Kuna makundi matatu makubwa. Star Alliance kuna Ethiopian, Turkish, Lufthansa, Brussels Airlines, EgyptAir, United. SkyTeam kuna Kenya Airways, KLM, Air France, Delta, Saudia. oneworld kuna Qatar, British Airways, American, Royal Air Maroc, na Oman Air walioingia Juni 2025. Emirates, flydubai, RwandAir na Air Tanzania hawako kwenye kundi lolote, ila Emirates na flydubai wanatumia Skywards moja.

Maana ya kundi ni hii: ukipanda ndege ya mshirika mmoja unaweza kuingiza maili kwenye programu ya mshirika mwingine. Haimaanishi kwamba maili ulizoingiza tayari zinahamishika, hapo watu wanachanganya sana. Zikishaingia ShebaMiles zimekaa ShebaMiles. Uamuzi unafanyika kabla ya safari, kwa namba unayompa wakala.

Kwahiyo mtu wa Lubumbashi au Bujumbura ambaye karibu kila safari anapita Addis na mara moja moja Istanbul au Brussels, anachagua programu moja ya Star Alliance na zote anaingiza hapo hapo. Aliyeko Marekani anayerudi nyumbani kwa Ethiopian, aweke United kwa sababu hazifi, safari zake ni moja kila miaka miwili na Sheba zitamfia mkononi. Aliyeko Muscat au Uingereza anayepita Doha, Avios zinamtosha. Mfanyabiashara wa Dubai hana haja ya kufikiria, Skywards, flydubai wakija Dar, Zanzibar na Mombasa zinaingia kapu hilo hilo. Ya akiba iwe ya kundi lingine, kwa zile siku ambazo bei inakulazimisha.

Andika namba hizo mbili kwenye simu na umtumie wakala wako kwa meseji, mwambie aweke kabla hajatoa tiketi. Ukipata code ya bukingi, ingia tovuti ya shirika, fungua bukingi yako, angalia namba imekaa. Ni dakika mbili tu na utaepuka ile hatua ya 3 yote.

HATUA YA 8: HOTELI NA POINTI ZA MTAANI

Kwa hoteli nitakuwa mfupi maana wengi wetu tunafikia kwa ndugu. IHG kwa mwanachama wa kawaida zinakufa baada ya miezi 12 ya kutotumika, Accor siku 365, Marriott, Hilton na Hyatt miezi 24. Hilton na Marriott unaweza kumpa mwenzako pointi bila ada. Marriott unaweza kuzigeuza maili kwa mashirika mengi, pointi 3 kwa maili 1, na ukihamisha 60,000 kwa mkupuo mara nyingi unapata maili 25,000 badala ya 20,000, lakini kwa salio dogo ni hasara, bora ulale.

Walioko Kenya wasisahau Bonga, pointi za Safaricom. Kila shilingi 10 unayotumia ni pointi 1, na watu wana maelfu hawajui. Piga *126# uone salio, zigeuze dakika au bando, au ulipie dukani kwenye till. Hapa hakuna hesabu ndefu, zitumie tu kwa kitu ambacho ungelipia leo.

HATUA YA 9: FUNGA ZILIZOBAKI

Akaunti tupu usiiache wazi. Ina tarehe yako ya kuzaliwa, namba ya paspoti, pengine na kadi ya benki, na wezi wa maili wanapenda akaunti ambazo mwenyewe haziangalii. Ingia, futa kadi ya benki, futa paspoti iliyohifadhiwa, futa majina ya wasafiri wenzako, jitoe kwenye imeili za matangazo, halafu tafuta sehemu ya kufuta akaunti. Kama hamna, waandikie uombe taarifa zako zifutwe. Ulaya wana sheria yao ya data iliyoanza kutumika 2018, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taja inayokuhusu kwenye barua, majibu yanakuja haraka zaidi.

Kabla hujafuta hakikisha hamna safari inayosubiri maili kuingia, zinaweza kuchukua wiki kadhaa kutoka kwa mshirika, na hamna tiketi ya maili iliyobukiwa kwenye akaunti hiyo ambayo bado hujasafiri, maana ukiifuta na tiketi ikaja kubadilishwa ratiba hutakuwa na pa kuingilia. Delta na United tupu au zenye kidogo unaweza kuziacha, hazifi na hazikusumbui, badilisha tu paswedi iwe ya peke yake na uwashe uthibitisho wa hatua mbili.

Zile mbili ulizobaki nazo, weka ukumbusho kwenye kalenda ya simu miezi 6 kabla ya tarehe ya kwanza ya kufa, na mwingine miezi 2 kabla. Kwa Skywards rahisi, weka siku yako ya kuzaliwa, mwisho wa mwezi huo huo ndio maili zinakufa.